Dozi ya Senje Loda

Nimesemwa sana ukooni kwa ajili ya herufi moja. Wiki tuliyomzika Senje nililazimisha programu ya mazishi ichapishwe upya, wakati hema limekwisha kusimamishwa na masufuria yako motoni. Wengine walisema ni huzuni, wengine wakasema ni kiburi cha kusoma. Huzuni ilikuwepo. Kiburi pia kilikuwepo, ila sikukipata shuleni, nilikipata kwake.

Baada ya mazishi nilipewa mkoba wake. Senje kwetu ni dada ya baba, na huyu wangu hakujaliwa binti, kwa hiyo mkoba ukanijia mimi. Nilipoufungua harufu ya wino wa stensili ilinipiga usoni, ile harufu ya mafuta na karatasi mbichi, nikaketi kitandani nikiwa na miaka kumi na moja tena. Ndani mlikuwa na rozari, kitana kilichovunjika meno, karatasi za hospitali, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, disketi nyeusi ya zamani, zile pana zilizokuwa zikipinda ukizishika vibaya. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: DOZI. USIGUSE. Mwanangu aliichukua, akaigeuzageuza, akauliza kama ni kifuniko cha kitu. Nilimpokonya.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka siku ambazo kompyuta ilikuwa ikivuliwa viatu. Uliacha vyako mlangoni kama unaingia kwa wakwe, na yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni. Ile ya Senje ilikuwa katika ofisi ya taipu nyuma ya soko la Kakamega, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Mbele kulikuwa na kompyuta na benchi la wateja, nyuma kulikuwa na mashine ya stensili ya kutolea nakala, iliyozungushwa kwa mkono. Mwenye ofisi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, nasi sote tulimwita Mwalimu. Hata akinunua nyanya alimuuliza mwuzaji maswali kama anamtahini.

Nilikuwa naishi kwa Senje ili nisome mjini, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa mbali kule Isecheno, baba akifanya kazi ya msitu. Jioni baada ya shule nilimngojea ofisini. Senje alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa bila kitu, na kile kiti cha mbele ya kompyuta ndicho kilichomfanya asirudi kwa kaka zake kuomba pa kulala. Alikipenda kiti kile waziwazi. Alikishonea mto, na mgeni akikikalia kwa bahati mbaya alimngojea ainuke, amesimama wima mbele yake mpaka mtu aone haya.

Kila asubuhi aliitoa ile disketi ndani ya bahasha, akaitia kwenye mdomo wa juu wa mashine, akafunga kishikizo na kungoja. Mashine ilikoroma, ikakohoa, ndipo maandishi ya kijani yakatokea. Nilipomuuliza mara ya kwanza kile ni nini akaniambia ni DOS. Mimi nikasikia dozi. Wiki ile nilikuwa nimetoka kumeza vidonge vya malaria, vile vichungu vinavyofanya masikio yavume, kwa hiyo nilielewa mara moja. Mashine ilikuwa mgonjwa, na bila dozi haiamki.

"Senje," nikamuuliza, "itamaliza dozi lini ipone?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Hii haiponangi, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ndipo akachukua kalamu nyekundu akaandika neno langu juu ya disketi, na tangu siku ile hata wateja waliiita mashine yenyewe Dosi, wakasema Dosi ikikosa dozi haiamki.

Sasa, kwetu L na R hatuzitofautishi mdomoni. Senje alisema balua na kalatasi, akasema pia anaenda kurara, na hakuna mtu aliyeshangaa maana sote tulisema hivyo. Lakini Dosi ilikuwa haina picha wala kipanya. Uliiandikia neno, nayo ikatenda, na neno lenyewe lilitaka herufi zake kamili. Kulikuwa na neno DIR la kuiambia ikuonyeshe orodha ya kazi zilizomo kwenye disketi, na kulikuwa na neno DEL la kuiambia ifute. Ukiandika DIL kama unavyotamka, ilikujibu kwa Kiingereza kwamba amri yako ni mbaya. Mimi niliamini kwamba mashine inasikia. Ilikuwa na matundu madogo ubavuni, nami nilidhani ni masikio, na kwamba inatucheka ulimi kama walivyotucheka watu wa mbali. Nilikuwa nikinong'ona nikipita karibu nayo.

Senje hakunong'ona. Alijitengenezea njia yake. Kwa kuwa herufi zile mbili hazikuachana mdomoni, aliziachanisha kwa macho. R aliiita ile ya kupiga teke, kwa ule mguu wake uliotangulia mbele. L aliiita ile ya kuketi. Aliandika amri zote kwenye daftari la mistari, na mikono yake ikiwa na kazi nyingine alinisomea nami nikapiga. Akisema "dil", nilipiga DIR. Akisema "der", nilipiga DEL. Nikisitasita aliniambia tu, "ya teke," au "ya kuketi," tukaendelea.

Kisha akaja Lilian, binti mdogo wa Mwalimu, aliyekuwa amesomea kompyuta Nairobi. Alikuja na mashine yake mpya ya Windows, na ilipowashwa ilileta anga la buluu lenye mawingu. Wateja walisimama. Mzee Rashidi, mfanyabiashara wa Mumias aliyekuwa akileta barua za kamati ya madrasa, aliingia na salamu zake, "Asalaam aleikum," akatazama kile kipanya mezani na mkia wake, akauliza kama kinauma. Lilian akacheka vizuri tu, akamshika mkono, akauweka juu yake. Mzee akasogeza, mshale ukasogea, naye akasema mashaallah mara tatu.

Sikumpenda Lilian. Nasema hivyo bila kuomba radhi, ingawa leo najua hakuwa mtu mbaya. Alinukia vizuri, alisema "sorry" kwa kila kitu, na Senje alipomwita Ririani alimrekebisha. "Li-li-an, Auntie. Ni rahisi tu." Senje alijaribu mara moja, likatoka Ririani, hakujaribu tena.

Haikupita wiki Mwalimu akatuketisha. "Chumba ni kimoja na stima ni ile ile," akasema. "Mwisho wa mwezi huu nitabaki na mashine moja na mtu mmoja." Hakumtazama yeyote. Senje aliendelea kupanga karatasi, lakini nikaona anaupapasa ule mto wa kiti kwa kidole.

Tangu hapo ofisi ikawa bunge. Mtu alileta barua yake ya kuomba shamba, akabaki saa nzima akitetea Dosi au Windows kama anayetetea timu. Mwalimu, ambaye ugonjwa wake ulikuwa mdahalo, hakuweza kuvumilia mabishano yasiyo na mwenyekiti. Ijumaa moja baada ya saa kumi akagonga glasi kwa kijiko, akatangaza hoja: Dosi ni bora kuliko Windows. Watu walijaa mpaka mlangoni, viatu vimerundikana nje.

Lilian alisimama kupinga, na alisema vizuri. "Mheshimiwa mwenyekiti, hii Dosi ni ya kukariri. Ukisahau neno moja umekwama hapo mpaka kesho. Kwa Windows unaona kitu, unakibonyeza, kinafunguka. Ukikosea, iko na pipa la taka, unarudi unachukua kitu yako. Hata mtu hajui spelling anafanya kazi. Hata mtu ulimi yake ni mzito." Hakumtazama Senje aliposema hivyo, lakini wengine wote walimtazama.

Senje aliinuka polepole, mkono mmoja juu ya kitambaa cha mashine. "Mwenyekiti, mimi sina maneno mingi. Mutoto mudogo akitaka kitu anaonyeshanga na kidole, kwa sababu jina yake hajui. Akikua, anasema. Mimi nimekua." Benchi likapigwa makofi. "Hiyo pipa, sawa. Mutu anatupanga vitu ovyo ndiye anahitaji pipa mbele ya nyumba. Dosi haijafuta kitu bila kuuliza. Inaulizanga na heshima: una hakika? Ukisema ndiyo, hiyo ni yako wewe, usirie."

Kijana mmoja wa chuo cha Bukura, aliyekuja kuchapisha ripoti yake ya mifugo, aliinua mkono. "Lakini mama, Dosi inataka ujue kila kitu mbele. Sisi tumeisoma muhula mzima, mimi nikaielewa siku ya kufunga shule."

"Hiyo si Dosi, hiyo ni wewe," Senje akamjibu, na hata kijana mwenyewe akacheka.

"Na vilivyofutwa kwa Dosi," Mzee Rashidi akauliza, "huenda wapi?"

"Haviendangi mbali, Mzee."

Hapo nikasimama mimi. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Darasa la sita tulikuwa na mdahalo kila wiki, na nilikuwa nimeandaa sentensi moja tangu asubuhi. "Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "Windows haifai kwa sababu ni lahisi mno."

"Ni nini?" Lilian akauliza akitabasamu. "Sema tena?"

"Lahisi."

Wakacheka. Mwalimu alicheka, kijana wa Bukura alicheka, wakacheka hata wale ambao wenyewe husema lahisi wakiwa nyumbani. Hicho ndicho kilichoniuma. Masikio yangu yaliwaka moto, na nilibaki nimesimama. Kura zilipopigwa Windows ilishinda. Senje aliifunika mashine yake kwa kitambaa, akanishika bega, tukaenda nyumbani tukapika obusuma, ugali wetu, na mboga, tukala. Wakati wa kuosha sahani akaniambia, "Ulisema neno ya ukweli. Wacha wacheke na midomo yao."

Sikuwaacha. Nilimwekea Lilian kisasi, na kisasi cha mtoto hakina haraka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya kukabidhi mitihani. Shule kadhaa zilikuwa zimeleta mitihani yao ya darasa la nane ipigwe chapa, na karani wao alikuwa aje kuichukua saa kumi. Kazi yote ilikuwa kwenye disketi moja, kwenye mdomo wa chini wa mashine ya Dosi. Senje alikuwa nyuma ya mbao akizungusha stensili ya karatasi ya kwanza, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa kwenye kiti chake, tayari kupiga. Lilian akaingia akanikuta.

"Mitihani si kazi ya mtoto," akasema. "Toka nikae."

Nilitoka, nikasimama karibu na dirisha. Yeye akakaa juu ya ule mto.

"Ni mimi, Auntie," akaita kwa sauti. "Niandike nini?"

"Piga dil," Senje akajibu kutoka nyuma, mashine ikigonga. "Dil, bii, nukta mbiri."

Yaani onyesha orodha iliyomo kwenye mdomo wa chini. Lilian akapiga DIL. Ikamjibu amri yake ni mbaya. Aliguna, akavuta daftari la Senje, akateremsha kidole kwenye orodha. Hakupata DIL. Alipata DIR, akaipita. Alipata DEL, kidole kikasimama. Kwa sikio lake lililosomea Nairobi, lile neno lilianza kwa D na lilikwisha kwa L. Akaliandika.

Mimi nilikuwa naona. Nataka hili lieleweke, maana nimelibeba muda mrefu. Niliona D, nikaona E, nikaona ile ya kuketi. Nikaona mashine ikisema kwamba kazi zote zitafutwa, ikauliza: una hakika? Iliuliza kama Senje alivyosema inaulizanga. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema hapana. Nilifunga mdomo kwa sababu nilitaka akosee, nilitaka watu wamcheke yeye. Lilian, ambaye alizoea mashine inayouliza sana, akapiga Y bila kusoma.

Kilichofuata hakikuwa kicheko. Senje alikuja akifuta mikono kwenye aproni, akaomba aone orodha, na disketi ikawa tupu. Karatasi nne za mitihani zilikuwa hazimo. Lilian akaanza kulia kabla hajaulizwa. "Niliandika kile alisema! Alisema hivyo mwenyewe, mara mbili!"

Mwalimu akaingia na glasi ya chai mkononi. Alisikiliza, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa inakaribia saa nane. Akaiweka glasi chini kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele.

"Roda," akamwambia Senje, "huo ulimi wako umenimaliza."

Nilimtazama Senje nikingoja ajibu. Huyu ni mwanamke aliyemjibu askari wa soko, aliyemjibu mumewe mpaka akatoka kwake na mkoba mmoja. Alikuwa amesimama na ile mikono myeusi mbali na gauni lake, kinywa kimefungwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaamini walichokuwa wakisema juu yake. Hapo ndipo nilipovunjika. Nasema kwa kweli, kama Lilian angefukuzwa siku ile ningenyamaza hadi leo. Lakini sikuweza kuustahimili uso ule.

"Ilimuuliza," nikasema.

"Nani alimuuliza nani?" Mwalimu akanigeukia.

"Dosi. Ilimuuliza Ririani kama ana hakika. Akapiga ndiyo bila kusoma." Nililitamka jina lake hivyo hivyo, Ririani, kwa makusudi, nikimtazama. "Senje alisema dil. Kila mtu hapa anajua dil ya Senje ni ipi. Yeye ameandika DEL. Si ulimi ulioandika, ni vidole."

"Na wewe ulijuaje?"

"Nilikuwa naangalia. Niliona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka akosee."

Mwalimu aliinua mkono, na ningeupokea, maana ulinistahili. Lakini Senje alikuwa ameshageuka. Hakuwa ananitazama kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeambiwa dawa ipo.

"Mama. Ni DEL? Uko na hakika? Haikuwa ile ya kuosha disketi yote?"

"Ni DEL."

"Na baada ya hapo ameandika kitu? Ameweka kazi ingine?"

"Hapana. Alianza kulia."

"Basi ondokeni hapo. Mutu asiguse." Alimwondoa Lilian kwa kiwiko, akaniketisha mimi kwenye mto, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na wino. "Piga neno nakuambia. Pole pole."

Lilikuwa neno refu nililokuwa sijawahi kulipiga, nalo lilikuwa kwenye ile dozi. Lilikuwa linamaanisha kufutua kilichofutwa. Mashine ikakoroma kwa muda, kisha ikaanza kuleta kazi moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimekatwa kichwa. Hivi ndivyo Dosi ilivyofuta vitu: iling'oa herufi ya kwanza tu, ikaacha pengo. Ili irudishe, ilikutaka uitajie herufi ile. Mahali pa hesabu ilikuja alama ya kuuliza na esabu. Mwalimu aliinama nyuma yangu, na miwani yake ikanigusa nywele.

"Weka H," Senje akasema, nikaweka, na hesabu ikasimama nzima. Sayansi ikafuata. Kisha ikaja ugha.

"Ya kuketi," akasema. Nikapiga L. Lugha ikarudi.

Kisha amani. "Ya teke," akasema. Nikapiga R, na karatasi ya ramani ikarudi na mito yake yote. Mwalimu alipumua kwa sauti. Lilian alikuwa amesogea karibu, machozi yamekauka mashavuni, na nilimsikia akijinong'onea, "ya kuketi, ya teke," kama mtu anayejifunza.

Tukadhani tumemaliza. Lakini mashine ilikuwa na moja zaidi. Ikaleta pengo, na baada ya pengo, oda.

"Hii ni nini?" Mwalimu akauliza. "Hakuna mtihani wa oda."

"Ni balua yangu," Senje akasema.

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba kazi kwingine. Ulisema mwisho wa mwezi."

Nyuma ya mbao kulinuka wino, na nje mtu alikuwa akiuliza viatu vya nani vimezuia mlango. Mashine ilikuwa inamngojea atoe herufi ya kwanza. Jina la ubatizo la Senje lilikuwa Roda, ndivyo lilivyoandikwa kwenye kitambulisho na ndivyo Mwalimu alivyomwita, na baada ya yale yote nilitaka tusikosee tena. Kidole changu kikaenda kwenye R.

"Hapana, mama," akasema. "Ya kuketi."

"Roda, jina lako linaanza na R," Mwalimu akasema, na kwa kweli alisema kwa upole.

"Mwalimu, mashine imeniuliza mimi." Sauti yake ilikuwa imerudi. "Mimi naitwanga Loda. Mama yangu aliniita Loda mpaka akazikwa. Hiyo ingine ni ya karani. Piga, mama."

Nikapiga L. Nilingoja ile amri mbaya, nilingoja itucheke kwa yale masikio yake ya ubavuni. Haikucheka. Iliandika LODA, herufi nne nzima, ikasema imerudishwa salama, ikanyamaza ikingoja neno jingine. Siku ile nikaacha kunong'ona mbele yake.

Karani alikuja saa kumi na kukuta mitihani inafungwa. Mimi nilikula viboko viwili vya Mwalimu kwa kunyamaza na kimoja cha Senje nyumbani, cha Senje kikiwa kikali zaidi. Mwisho wa mwezi Mwalimu alituketisha tena. "Mashine itakayobaki ni ya Lilian," akasema. "Mtu atakayebaki ni huyu." Alitaka kutaja jina, akasita, akamwonyesha kwa kidole. Senje akamtazama akionyeshwa hivyo, akatabasamu, akaurudisha mto wake kwenye kiti.

Lilian alimfundisha kipanya wiki mbili kabla ya kwenda kufanya kazi Kisumu. Walifundishana kwa kugombana, na siku ya kuagana Lilian alimkumbatia akasema, "Kwaheri, Auntie Loda," kwa L. Windows ilikuwa nzuri. Naweza kukiri leo, Senje hakukiri kamwe. Ukimuuliza alisema ni sawa tu, kama anayezungumzia mkwe. Na kijana wa Bukura alipokuja na mkokoteni kuichukua ile mashine ya zamani aliyouziwa, Senje alifungua kishikizo, akaitoa disketi, akaitia kwenye bahasha na bahasha kwenye mkoba.

"Mama, si nimenunua?" kijana akalalamika.

"Umenunua mashine," akamwambia. "Dozi ni yangu."

Basi wiki ile ya mazishi, binamu yangu mdogo alikuwa ameketi chini ya hema na kompyuta yake ya mapajani aliyoandalia programu. Ilikuwa na maua, njiwa, na picha ya Senje akiwa kijana. Juu ya picha ameandika Roda kwa herufi za dhahabu, na nakala zilikuwa zimekwisha kutoka kwa mchapishaji. Nilimwambia abadilishe. Akasema kitambulisho kinasema hivyo. Baba zangu wadogo wakasogea, mmoja akasema watu wa mbali watatucheka, watasema hawa hata jina la maiti wao hawawezi kuliandika. Nikamwambia mwenye kutaka kucheka acheke, lakini Senje aliulizwa mwenyewe akiwa hai, na mimi nilikuwepo alipojibu.

Binamu alinitazama, akaona sitatoka pale. Akafungua kazi yake upya, akafuta ile herufi, akaacha pengo mbele ya oda. Kidole chake kikaning'inia juu ya kibodi.

"Sasa niweke ipi?" akauliza.

"Ile ya kuketi," nikamwambia.